Siri, Sitara na Faragha: Historia ya Haki za Mkazi wa Nyumba ya Uuguzi na Istilahi Zake

Miongoni mwa hati ziwafikiazo wafasiri wa Kiswahili siku hizi ni zile zihusuzo nyumba za uuguzi za Marekani, yaani nyumba ambamo wazee na watu wenye maradhi ya muda mrefu hukaa na kuuguzwa usiku na mchana. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wamehamia nchi hiyo, na wengi wao wamepata kazi ya kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza vitandani wazee wa nyumba hizo. Na sasa wazazi wa wahamiaji hao nao wanazeekea huko huko. Kanuni za nchi hiyo zataka kila mkazi aelezwe haki zake, kwa mdomo na kwa maandishi, katika lugha aifahamuyo. Basi karatasi ya haki hufika mezani pa mfasiri, naye hukuta ndani yake maneno mawili ya Kiingereza yaliyosimama bega kwa bega: moja lahusu mtu kutoingiliwa, jingine lahusu mtu kutunziwa habari zake. Mara nyingi yote mawili hutoka upande wa pili yakiwa neno moja tu, nalo ni siri.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi haki hizo zilivyopatikana, kwa kuwa historia yake ndiyo ifunuayo kwa nini neno moja halitoshi. Hoja yetu ni kwamba siri ni ya yule aishikaye, ilhali faragha ni ya yule ambaye mambo ni yake. Mfasiri azichanganyapo, humpokonya mzee haki aliyopewa na sheria na kuikabidhi kwa mwenye ofisi.

Jina la nyumba na jina la mtu

Yafaa tuanze na jina la nyumba yenyewe. Tanzania tunayo makazi ya wazee, kama yale ya Nunge huko Kigamboni na Kolandoto mkoani Shinyanga, na kwa upande wa Zanzibar yapo ya Sebleni na Welezo. Makazi ya namna hiyo ni ya wazee wasiojiweza na wasio na jamaa wa kuwatunza. Msingi wake ni ustawi wa jamii. Nyumba za Marekani tunazozizungumzia ni kitu kingine. Aingiaye humo huenda ana watoto sita na nyumba yake mwenyewe. Kilichompeleka ni haja ya muuguzi. Ndiyo maana twapendelea kuziita nyumba za uuguzi, na makazi ya wazee yaachiwe maana yake tuliyoizoea. Baadhi ya ndugu zetu walioko huko huziita nyumba za wazee. Jina hilo lapendeza masikioni, ila halimweki mahali pake kijana aliyevunjika uti wa mgongo akawa mkazi wa nyumba hiyo hiyo.

Asili ya nyumba hizo ni ya kusikitisha. Katika karne ya 19, mzee maskini wa Marekani aliyekosa wa kumtazama alipelekwa katika nyumba ya maskini ya wilaya, akachanganywa na wenye wazimu, yatima na walevi. Kuandikwa kulianza humo. Katika jimbo la New York, tangu mwaka 1875, kila aliyeingia aliandikiwa fomu iliyoeleza tabia zake, hali ya wazazi wake, sababu ya utegemezi wake, na kama palikuwapo tumaini la yeye kujitegemea tena. Msomaji aziangaliapo fomu hizo leo, huona kwamba ziliandikwa kwa faida ya serikali iliyotaka kujua umaskini unatoka wapi. Mwenye kuelezwa alikuwa kitu cha kuchunguzwa.

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 ilikataza msaada wa uzeeni kulipwa kwa watu waliokuwa ndani ya taasisi za umma. Wazee, pamoja na fedha zao, wakahamia katika nyumba za watu binafsi. Mwaka 1965 zikaanzishwa Medicare na Medicaid, serikali ikawa mlipaji mkubwa, na nyumba zikaongezeka kwa kasi. Fedha ya umma huja na ukaguzi, na ukaguzi huja na karatasi. Hilo mtumishi yeyote wa serikali alijua bila kufundishwa. Katika miaka ya 1970 kamati ndogo ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Frank Moss ilitoa mfululizo wa taarifa juu ya uchafu, ukatili na udanganyifu uliokuwamo katika nyumba hizo. Mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ikachapisha uchunguzi wake na kupendekeza kanuni zote zisukwe upya. Bunge lilikubali, na tarehe 22 Desemba 1987 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya kurekebisha nyumba za uuguzi, iliyokuwa imefungwa ndani ya sheria kubwa ya bajeti kama barua ndani ya mzigo.

Katika sheria hiyo kuna jambo ambalo mwanaistilahi hawezi kulipita. Kanuni za awali za nyumba zenye uuguzi wa kitaalamu zilikuwa zikimwita mtu huyo mgonjwa. Sheria ya 1987 ilimwita mkazi. Mgonjwa hulazwa, hutibiwa, akaenda zake; mkazi yuko kwake. Mahali alipo ni nyumbani, na nyumbani kwa mtu hapaingiliwi ovyo. Maelekezo wapewayo wakaguzi yasema kwamba mtumishi apaswa kugonga mlango na kuomba ruhusa kabla ya kuingia chumbani. Sisi tungesema kwa neno moja kwamba apaswa kupiga hodi, na mfasiri asiogope kuliandika neno hilo katika hati rasmi, kwani lina adabu yote inayotakiwa na sheria. Kwa hiyo mkazi, popote lilipo katika matini asilia, lifasiriwe mkazi. Wafasiri waliolibadili kuwa mgonjwa kwa kudhani wanasahihisha wamerudi nyuma ya mwaka 1987.

Pazia na fomu

Sheria hiyo ilitaja haki ya mkazi kutoingiliwa katika malazi yake, matibabu yake, barua na simu zake, wageni wake, na mikutano ya jamaa zake. Kanuni zilizofuata zikataja pia kuhudumiwa mwili, yaani kuogeshwa, kuvishwa na kupelekwa msalani. Kisha ikaongeza kwamba haki hiyo haimaanishi kuwa kila mkazi lazima apewe chumba cha peke yake. Bila ya nyongeza hiyo gharama ingewashinda wengi. Lakini ikiwa watu wawili au zaidi walala chumba kimoja, haki ya kutoonekana itatoka wapi? Jibu la kanuni lilikuwa la kifundi kabisa: katika nyumba zilizoidhinishwa kwa mara ya kwanza baada ya tarehe 31 Machi 1992, kila kitanda kisicho katika chumba cha mtu mmoja lazima kiwe na pazia lililoning'inizwa darini, lenye kukizunguka, ili pamoja na kuta au mapazia mengine limsitiri mkazi kikamilifu.

Tumekaa kidogo kwenye pazia kwa kusudi. Neno letu sitara, ambalo wengi hulitamka stara, latoka katika Kiarabu, na huko lina undugu na jina la pazia lenyewe. Katika Kiswahili limepanuka likawa kila kifunikacho aibu ya mtu: nguo, kiambaza, ndoa, hata fedha ya kununulia chakula kabla jirani hajajua kwamba jiko halikuwashwa. Kumsitiri mtu ni kitendo cha wema. Haki ya mkazi kuogeshwa mlango ukiwa umefungwa na pazia limevutwa, ambayo wafasiri wameihangaikia kwa maneno marefu, ni haki ya kusitiriwa. Hati ikisema mkazi asitiriwe aogeshwapo, muuguzi wa Mombasa, wa Tanga au wa Bukavu ataelewa mara moja afanye nini na kwa nini. Siri hapo haina kazi. Mwili wa mzee hauna siri. Una haki ya sitara.

Sheria hiyo hiyo iliyoleta pazia ilileta pia fomu. Iliamuru kwamba kila mkazi apimwe hali yake kwa utaratibu mmoja nchini kote: ndani ya siku 14 tangu aingie, tena kila mwaka, na katikati ya mwaka hali ipitiwe kila miezi mitatu. Fomu ya upimaji huo yauliza kama mkazi ajizuia haja ndogo na kubwa, kama akumbuka siku na mwezi, kama alia, kama amepoteza hamu ya mambo, nani amnyanyua kitandani, na mengine mengi. Tangu mwaka 1998 majibu hayo yamekuwa yakipelekwa serikalini kwa njia ya kompyuta. Nia ilikuwa njema, kwani uzembe hauonekani mpaka upimwe. Hata hivyo, hapana budi tuseme kwamba mkono uliovuta pazia ndio uliofungua daftari, na mzee ambaye jirani wa kitanda cha pili hawezi tena kumwona utupu wake ameandikwa utupu huo katika kumbukumbu zisomwazo na watu asiowajua.

Kwa hiyo haki ya pili ilikuwa ya lazima, nayo ndiyo ihusuyo kumbukumbu. Mkazi ana haki ya kumbukumbu zake, ziwe za binafsi au za tiba, kutunzwa kwa usalama na kutotolewa kwa wengine bila ya ridhaa yake, isipokuwa ahamishiwapo nyumba au hospitali nyingine au sheria itakapo hivyo. Na pamoja na haki hiyo kuna nyingine ambayo wafasiri huisahau kwa kuwa imewekwa mbali kidogo katika karatasi: mkazi akiomba kuona kumbukumbu zake, aonyeshwe ndani ya saa 24, bila ya kuhesabu siku za mwisho wa juma na sikukuu, na akitaka nakala, aipate kwa malipo ya kadiri, baada ya kutoa taarifa ya siku mbili za kazi. Hapa ndipo neno siri linapoanza kuleta madhara.

Kata na mtungi

Wajibu wa mganga kunyamaza ni wa zamani kuliko sheria zote tulizozitaja. Umo katika kiapo cha Hippocrates, ambacho kilimtaka mganga asiyatoe nje ayaonayo na ayasikiayo katika maisha ya watu yasiyofaa kusemwa. Umo katika kiapo cha wauguzi kilichotungwa mwaka 1893 huko Detroit na Lystra Gretter na wenzake, kikapewa jina la Florence Nightingale. Chama cha Waganga cha Dunia kiliutia katika Azimio la Geneva la mwaka 1948, na mwaka 1968 kikaongeza kwamba wajibu huo hauishi mgonjwa afapo. Katika viapo vyote hivyo asemaye ni mganga. Yeye ndiye aapaye, yeye ndiye anyamazaye, naye ndiye aamuaye lipi lisemwe. Mgonjwa hatajwi kuwa ana haki. Anatajwa kuwa ana siri, na siri hiyo imo mikononi mwa mwingine.

Kiswahili nacho chaujua utaratibu huo. Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Kata huingia mtungini kila siku, huujua u maji kiasi gani na una nini chini. Hakuna mfano umfaao zaidi mtumishi wa nyumba ya uuguzi, ambaye humwona mzee jinsi mtoto wake mwenyewe asivyopata kumwona. Na kuna methali nyingine, mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio kitamfichua, ambazo zote mbili zamhimiza mtu ajifunue mbele ya yule awezaye kumfaa. Himizo hilo lisingekuwa na maana katika jamii ambamo mkunga husimulia kisimani aliyoyaona chumbani. Jina la uaminifu huo katika lugha yetu ni amana. Kilichowekwa amana hakikuwa mali ya mwekewa. Alikishika kwa niaba, na mwenyewe akija kukidai hurudishiwa. Tazama basi tofauti: siri aweza mtu kumficha hata yule imhusuye, lakini amana haifichwi mwenyewe.

Faragha ni neno la tatu. Mzizi wake wa Kiarabu wahusu utupu na nafasi: chombo kisicho na kitu, saa isiyo na kazi. Kamusi za zamani za Kiswahili hulieleza kwa upweke, mahali pa pembeni, na wasaa. Watu wawili wakitaka kuzungumza huenda faragha. Hawasemi kwamba wana siri. Huenda wazungumza bei ya ng'ombe tu. Wanachotaka ni nafasi isiyo na mtu wa tatu. Kwa hiyo faragha haisemi chochote juu ya ubaya au uzito wa jambo, na mwenye kuitaka halazimiki kueleza sababu. Hiyo ndiyo maana iliyokusudiwa na mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, walipochapisha makala yao mashuhuri mwaka 1890 wakidai haki ya mtu kuachwa peke yake. Lugha yetu ilikuwa na neno lililo tayari.

Ofisini, siri imepata maana nyingine tena. Katika utumishi wa serikali ya Tanzania kuna masjala ya wazi na masjala ya siri. Jalada likigongwa muhuri wa siri, hupita kwa watu wachache, na katika watu wote, yule ambaye jalada lamhusu ndiye wa mwisho kuliona. Wasomaji wetu walio watumishi wa muda mrefu watakumbuka kwamba hadi ulipoletwa mfumo wa wazi wa kupima utendaji, mwaka 2004, mtumishi aliandikiwa na mkubwa wake taarifa ya siri ya kila mwaka, akapanda cheo au asipande, wala asijue kilichoandikwa. Hatusemi kwamba serikali haistahili kuwa na siri. Twasema kwamba neno hilo, likishapita masjala kwa miaka mingi, limenuka masjala. Mfasiri aandikapo kwamba kumbukumbu za afya za mkazi ni siri, msomaji aliyepata kufanya kazi katika ofisi zetu huelewa kwamba mkazi asizione. Sheria imesema aonyeshwe ndani ya saa 24.

Ugeni wa jambo hili kwetu una sababu nyingine, ambayo ni ya heshima. Katika zahanati na hospitali nyingi za Tanzania na Kenya, mgonjwa wa nje hubeba kumbukumbu zake mwenyewe. Hununua daftari la shule dukani, daktari huandika humo, na mgonjwa hurudi nalo nyumbani. Mama hubeba kadi ya kliniki ya mtoto katika mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa. Daftari hilo hulowa, hupotea, huliwa na panya, na mganga wa hospitali ya pili aweza asiuone ukurasa aliouhitaji. Lakini halijapata kumfanya mtu aulize kama anaruhusiwa kuliona. Ufaragha wake ulikuwa katika mkoba. Swali la haki ya kuona huzuka pale daftari linapohama kutoka mkobani kwenda kabatini, na kutoka kabatini kwenda katika kompyuta, na hospitali zetu sasa zimo katika safari hiyo hiyo.

Sheria iliyofichwa nyuma ya kifupisho

Mwaka 1996 Marekani ilitunga sheria nyingine, ijulikanayo kote kwa kifupisho chake HIPAA. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa bima ya afya ya mtu aachaye kazi moja na kuingia nyingine; faragha iliingia kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa malipo yalikuwa yakihamia katika kompyuta. Kanuni zake za faragha zilichapishwa Desemba 2000, zikarekebishwa mwaka 2002, na watoa huduma wakatakiwa kuzitekeleza ifikapo tarehe 14 Aprili 2003. Tangu hapo kila aingiaye nyumba ya uuguzi hupewa tangazo la maandishi lielezalo habari zake zitatumiwaje. Mkazi aweza kukataa jina lake lisiwe katika orodha wanayoonyeshwa wageni waulizao. Na tangu mwaka 2013 kumbukumbu za marehemu huhifadhiwa kwa kanuni hizo kwa muda wa miaka 50 baada ya kifo.

Kilichotokea baadaye chatufundisha kwamba hata wenye Kiingereza chao walilichanganya jambo. Watumishi wengi walianza kuitaja HIPAA kama ukuta: binti apigaye simu kuuliza kama mama yake amekula aliambiwa kwamba sheria hairuhusu. Kanuni zenyewe zasema vingine. Zaruhusu jamaa au rafiki ashirikiye katika utunzaji kuelezwa yahusuyo sehemu yake, maadamu mkazi hajakataa. Nyumba iliyotaka kuepuka maswali ilipata kisingizio, na haki ya mkazi ikageuzwa kuwa siri ya nyumba. Tazama jinsi kosa la mfasiri wa Kiswahili lilivyokuwa limekwisha kufanywa, bila ya tafsiri yoyote, na watu wenyewe.

Upande wa pili wa mambo ulionekana mwaka 2015, shirika la habari la ProPublica lilipoandika juu ya watumishi wa nyumba za uuguzi waliowapiga wakazi picha wakiwa utupu au msalani, wakazisambaza katika mitandao ya simu kama Snapchat. Agosti 2016 serikali ya Marekani iliwaagiza wakaguzi wake wahakikishe kwamba kila nyumba ina sera ya kukataza picha za namna hiyo. Picha ya mzee aliyelala bila nguo haikutoka katika jalada, wala haikuwa na jina la ugonjwa. Hakuna siri iliyovunjwa kwa maana ya masjala. Kilichoondolewa kilikuwa sitara, na neno la Kiswahili kwa aliyefanya hivyo tunalo: amemfedhehesha mzee, au amemwumbua. Tungependa sera za nyumba hizo zifasiriwe kwa vitenzi hivyo, kwa sababu mtumishi Mswahili asomapo kwamba asivujishe taarifa, hufikiria karatasi. Asomapo kwamba asimwumbue mzee, hufikiria mzee.

Yaliyo katika sheria zetu

Wala haifai kudhani kwamba faragha ni neno tulilolikopesha kwa mambo ya Wamarekani. Haki za binadamu zilipoingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano mwaka 1984, ibara ya 16 iliwekewa pembeni maneno yatajayo haki ya faragha na ya usalama wa mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo ina kifungu cha 31 juu ya faragha. Kenya ikatunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria zote mbili zazitazama habari za afya kuwa nyeti kuliko nyingine, na zampa mtu haki ya kuziona habari zake. Tofauti ya data na taarifa baina ya nchi hizi mbili itatusumbua kwa muda, hasa wafasiri wafanyao kazi kwa wasomaji wa pande zote. Kwa kumbukumbu za nyumba za uuguzi twaonelea taarifa itumike, kwani data katika masikio ya wengi bado ni tarakimu.

Basi matumizi tunayoyapendekeza ni haya. Faragha itumike kwa haki ya mkazi kutoingiliwa, iwe katika chumba, simu, barua au wageni. Kusitiri na kusitiriwa vitumike kwa yahusuyo mwili. Kwa wajibu wa mtumishi kutosema aliyoyajua, tumeliona neno usiri likienea katika maandishi ya afya, hasa tangu huduma za UKIMWI zilipopanuka. Hatuwezi kulizuia tena, na pengine haifai. Lakini liandikwe daima pamoja na mtu aliye na wajibu, kama vile usiri wa muuguzi au usiri wa nyumba, lisiandikwe usiri wa mkazi, kana kwamba mkazi ndiye aliyekatazwa kusema. Kumbukumbu za afya ziitwe hivyo, na aelezwaye humo aitwe mwenye taarifa. Muhuri wa siri usigongwe katika jalada la mkazi. Kama muhuri ni lazima, maneno amana ya mkazi yatamweleza mtunza masjala kwamba kitu hiki kina mwenyewe na aweza kuja kukidai.

Limebaki tatizo la yule ambaye akili yake imefifia kwa uzee, naye hawezi tena kusema ndiyo au hapana. Kanuni za Marekani zamtaja mtu asimamaye badala yake, na wafasiri wameleta majina manne. Wasii ni wa mali ya aliyekufa. Walii watu wengi humfahamu katika ndoa. Mlezi amekuwa wa watoto, na mzee wa miaka 80 aambiwapo kwamba mwanawe ndiye mlezi wake, hata katika usahaulifu wake aweza kusikia tusi. Twaelekea kukubali mwakilishi wa mkazi, na msimamizi atumike pale tu ambapo mahakama imemteua mtu. Lakini mwakilishi kwa kawaida huwa ametumwa na amwakilishaye, na huyu mara nyingine hakutumwa na mtu. Alijikuta tu kwamba yeye ndiye mtoto aliyekaa karibu. Wauguzi na walimu wa uuguzi walio na neno lililokwisha kutumika wodini kwa mtu kama huyo twawaomba watuandikie, pamoja na sentensi moja au mbili zilizosemwa kweli, wala si zilizotungwa kwa ajili yetu.